Ua la Upanga na Ndege Chozi

Historia ya Masasi wengi wetu tumefundishwa kwa njia moja tu, nayo ni njia ya majina ya wakubwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Unguja na watumwa waliokombolewa zaidi ya 50, akashuka Lindi, akapanda bara kwa miguu, na safari ikaishia Masasi. Mwaka 1882 Magwangwara wakaja, wakachoma na kuteka watu, na Chauncy Maples akahamishia kazi yake huku juu Newala. Mwaka 1905, vita ya Maji Maji, misheni ya Masasi ikaungua tena. Mwaka 1906 akaja Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, akazunguka Masasi na Newala akikusanya vitu na habari za watu. Basi, askofu huyu, padri yule, profesa yule. Mimi nina ndoto ya kuandika riwaya juu ya mji huu, na haya yote nimeyajaza kwenye kauntabuku yangu.

Lakini leo naomba niandike historia ya kitu kilichokuwepo kabla Steere hajafika chini ya mlima Mtandi. Ni ua la porini. Pamoja nalo, ndege anayelizungukia.

Ukishuka kutoka Newala kuelekea Masasi mvua zikiwa zimekolea, mwezi wa kwanza au wa pili hivi, ukiacha barabara na kuingia kwenye pori la miombo ambalo halijafyekwa, unaweza kuliona limesimama peke yake katikati ya nyasi. Majani yake ni marefu, membamba, yamechongoka kama upanga. Shina linafika kiunoni kwa mtu mzima, na maua yamejipanga juu yake, la chini likifunguka kwanza, la juu likingoja zamu. Rangi yake ni ya moto: nyekundu ya machungwa, na koo la njano. Mengine ni ya njano tupu, mengine yana madoadoa ya kahawia kana kwamba mtu ameyanyunyizia ugoro. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunayachuma na kunyonya maji matamu ya ndani, kisha tunayatupa.

Wataalamu wanaliita Gladiolus dalenii. Jina la jenasi, Gladiolus, ni la Kilatini, maana yake upanga mdogo, na Linnaeus ndiye aliyeliweka kwenye vitabu vya mimea mwaka 1753. Kwa hiyo mimi humu nitaliita ua la upanga, na jamaa zake wote nitawaita gladiola, tusisumbuane. Jina la pili, dalenii, ni la Cornelius Dalen, mkuu wa bustani ya mimea ya Rotterdam huko Uholanzi. Mtu wa Rotterdam! Na ua lenyewe linaota kutoka Afrika Kusini mpaka Ethiopia, linafika Afrika Magharibi, linavuka bahari mpaka Madagaska na upande wa magharibi wa Arabia. Nchi zote hizo, halafu jina likaenda kwa mtunza bustani wa Uholanzi. Watu wengine wa Ulaya waliliita psittacinus, yaani la kasuku, kwa sababu ya rangi zake. Hapo angalau walimkumbuka ndege, ingawa sio yule anayehusika.

Anayehusika ni chozi. Unamjua: ndege mdogo, mdomo mrefu uliopinda kama sindano ya kushonea magunia, dume anang'aa kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Huku kwetu yupo mmoja mwenye kifua chekundu sana, anapenda miti ya miombo na hata bustani za mjini.

Sasa chukua wembe ulipasue ua kwa urefu, utaona mambo. Petali sita zimeungana chini zikafanya mrija. Chini kabisa mrija ni mwembamba, na humo ndimo yanamokaa yale maji matamu tuliyokuwa tunaiba. Juu unapanuka ghafla, na petali ya juu imejikunja mbele kama kofia. Chini ya kofia wamejipanga vijiti vitatu vyenye chavua, na pamoja navyo uzi mmoja wa kike uliogawanyika mara tatu kwenye ncha. Chozi anatua kwenye shina, maana yeye hana tabia ya kuelea hewani mbele ya ua kama wale ndege wavumaji wa Amerika, na shina la ua hili ni gumu kiasi cha kumbeba. Anainama, anaingiza mdomo mpaka chini, na wakati anakunywa utosi wake unasuguana na vile vijiti. Anaondoka na unga kichwani kama mtoto aliyetoka kwenye mashine ya kusaga.

Ujanja zaidi uko kwenye zamu. Kila ua linaanza na zamu ya kiume: linatoa chavua kwanza, na uzi wa kike bado umefungwa. Baadaye, chavua ikishapungua, ncha tatu za uzi zinafunguka na kuwa tayari kupokea. Na kwa kuwa maua ya chini hufunguka mapema, unakuta chini ni majike na juu ni madume kwenye shina lile lile. Mgeni anayeanza chini na kupanda juu, kama nyuki wanavyopenda kufanya, anashusha mzigo wa jirani kwenye majike, anachukua mzigo mpya juu, anaruka kwenda shina lingine. Hivyo ndivyo ua linavyojiepusha kuoana na ndugu zake. Hata sisi tuna miiko ya namna hiyo, na wazee huifuatilia kwa ukali.

Hapa ndipo ninapotaka kufika. Ile kofia, ule mrija, ile rangi nyekundu ambayo macho ya nyuki huiona kwa shida lakini macho ya ndege huiona vizuri, hayakupangwa na mtu. Ni kumbukumbu. Ni vizazi vingi mno vya chozi waliokuja kunywa na kuondoka, na ua likabadilika kidogo kidogo kuwafuata. Mwanahistoria anayetafuta maandishi ya kabla ya wamisionari, haya hapa, yameandikwa kwenye petali.

Na ukitaka kuhakikisha kuwa umbo la ua ni habari ya mgeni wake, tazama ukoo mzima wa gladiola. Ziko spishi zaidi ya 250 duniani, nyingi kabisa zikiwa Afrika, na kusini mwa bara hili pekee ni zaidi ya 160. Peter Goldblatt wa bustani ya mimea ya Missouri, Marekani, na John Manning wa Cape Town walitumia miaka mingi porini wakiangalia nani anatembelea ua gani, wakikamata wadudu na kuchunguza chavua iliyoganda kwenye miili yao. Kitabu cha Goldblatt cha gladiola wa nchi za joto za Afrika kilitoka mwaka 1996, na ndani yake ziko spishi zaidi ya 80. Walichokikuta kwa ndugu zao wa kusini kinachekesha na kushangaza. Wengi wanahudumiwa na nyuki wenye ulimi mrefu. Lakini kuna gladiola wa pwani ya magharibi ya Afrika Kusini anayemtegemea inzi, ndiyo, inzi, ambaye mrija wake wa kunywea ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake mwenyewe, akiruka nao unaning'inia kama mtu aliyebeba fito. Kuna mwingine mwekundu wa kwenye maporomoko ya maji anayemngoja kipepeo mmoja mkubwa wa kahawia anayependa kila kitu chekundu. Na yuko Gladiolus liliaceus, ambaye mchana ana rangi ya kahawia iliyochakaa na hana harufu yoyote, lakini jua likizama anabadilika rangi kuelekea zambarau na kuanza kunukia, kwa sababu wageni wake ni nondo wa usiku. Jamani, mchana shambani, usiku dansini!

Tanzania nayo ina wa namna hiyo. Gladiolus murielae, anayepatikana kutoka Ethiopia kushuka mpaka Msumbiji, ana maua meupe yenye doa la zambarau katikati, mrija mrefu sana, na harufu tamu gizani. Mweupe, mwenye harufu, mrija mrefu: hata hujaambiwa, unajua huyo anamngoja nondo. Na ukipanda Kilimanjaro au Meru, kule kwenye baridi, yuko Gladiolus watsonioides, mwekundu, wa chozi tena.

Nirudi kwenye vitabu, maana nimesema hii ni historia. Mwaka 1890 yalitokea mambo mawili, na watu wake hawakuwa pamoja. La kwanza, G. F. Scott Elliot alichapisha Uingereza makala juu ya maua ya Afrika Kusini yanayochavushwa na ndege. Kabla ya hapo wasomi wa Ulaya, ambako hakuna chozi, habari za maua walizijua zaidi kwa nyuki na vipepeo. La pili, mwaka huo huo, J. G. Baker wa bustani ya Kew, London, alitangaza gladiola mpya wa njano, akamwita Gladiolus primulinus. Alimtambua kutokana na mmea uliotoka milima ya Usagara, hapa hapa Tanzania, upande wa Kilosa. Siku hizi wataalamu wanasema huyo wa njano hakuwa spishi mpya kabisa, ni ua letu lile lile la upanga katika vazi la njano.

Aliyepeleka alikuwa Joseph Thomas Last. Huyu bwana nimemfuatilia sana kwa sababu njia zake zinapishana na za kwetu. Alikuwa mmisionari wa CMS pale Mamboya, Usagara. Mwaka 1885 alitoa kitabu cha kukusanya maneno ya lugha nyingi za Afrika Mashariki. Kisha Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikamtuma kwenda milima ya Namuli, Msumbiji, kwa Wamakua, ndugu za Wamakua wa Masasi. Chama hicho hicho ndicho kilichochapisha mwaka 1880 taarifa ya Chauncy Maples juu ya Masasi na bonde la Ruvuma. Halafu, baada ya amri ya mwaka 1897 ya kukomesha utumwa Unguja, Last huyo huyo akawa kamishna wa mambo ya watumwa kule. Mtu mmoja, mkono mmoja: unatuma vitunguu vya maua Kew, halafu unashughulikia vyeti vya uhuru wa watu.

Simlaumu. Alifanya kazi. Ila desturi ya vitabu vya mimea ndiyo inayonikereketa: kila mmea uliokaushwa unaandikwa jina la mkusanyaji, na jina hilo ni la aliyetuma, sio la aliyechimba, wala la aliyebeba sanduku kichwani mpaka pwani. Misafara yote ya siku zile ilitembea kwa vichwa vya wapagazi, wa Steere, wa Last na wa Weule. Wale watu zaidi ya 50 walioanzisha mji wetu na Steere nao kwenye vitabu vya shule wanaitwa tu "watumwa waliokombolewa", kama vile hiyo ndiyo kazi waliyosomea. Ni wao waliokata miti, wakajenga, wakaoa na kuolewa na Wamakua na Wayao wa hapa. Riwaya yangu, Mungu akipenda, itaanza na hao.

Ua lenyewe Ulaya lilipata sifa kubwa. Hata kabla ya Last, mwaka 1841, Louis van Houtte, mfanyabiashara wa maua wa Ghent, Ubelgiji, alikuwa amekwisha kuuza chotara mmoja maarufu aliyeitwa gandavensis, maana yake wa Ghent. Mzazi wake mmoja ni ua letu la upanga, lililoletwa kutoka upande wa kusini. Mwanzoni mwa karne ya 20, wahandisi wa daraja la reli la Maporomoko ya Viktoria, lile lililofunguliwa mwaka 1905, waliona gladiola wa njano ameota kwenye manyunyu ya maporomoko, kofia yake ikikinga chavua isilowe, wakapeleka vitunguu Uingereza. Ilikuwa primulinus tena. Akapandishwa na machotara ya zamani, na Marekani watu kama A. E. Kunderd wa Goshen, Indiana, wakatoa maua ya rangi za njano na za machungwa ambazo zamani hazikuwepo, mengine yenye kingo zilizokunjwakunjwa kama gauni la bibi harusi. Leo gladiola za dukani zinauzwa dunia nzima. Ukienda Dar es Salaam kwenye harusi ya wenye nazo unaweza kuzikuta kwenye meza kuu, zimesimama wima ndani ya chombo cha kioo. Hakuna anayeketi pale akajua kuwa babu yake yuko Usagara na shangazi yake yuko hapa bondeni chini ya Newala.

Sasa mambo ya nyumbani. Pori lenye maua ninayoyaandika limebaki kipande kidogo, mpakani mwa shamba letu la korosho. Sisi huku ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mwenye neno la mwisho kwenye ardhi ni mjomba. Na mjomba anataka kukifyeka kile kipande aongeze mikorosho. Ana sababu. Nina wadogo wawili shuleni, na huku Masasi na Newala korosho ndiyo ada, ndiyo bati, ndiyo hospitali. Mimi mwenyewe nilifika kidato cha nne kwa korosho, sio kwa maua.

Nilikwenda kumwona jioni, yuko barazani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia unalo neno juu ya pori."

Nikamweleza habari za ua. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa kweli ni mtu wa subira. Kisha akauliza, "Hilo ua linaliwa?"

"Anakula chozi, mjomba."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi chozi alipe ada."

Nikaona hadithi ya Usagara na Ghent haitanisaidia. Nikamgeukia mkorosho wenyewe. Mkorosho nao ni mgeni hapa, Wareno waliutoa Brazil, na wenyeji wake ni kaskazini-mashariki ya nchi ile. Huko huko kwao watafiti waliangalia mashamba ya mikorosho yaliyo karibu na msitu na yaliyo mbali, na mwaka 2014 wakachapisha kuwa mabaki ya msitu yanaongeza wadudu wa mwituni wanaotembelea maua ya mikorosho na kupunguza upungufu wa uchavushaji. Ua la mkorosho halina kofia wala mrija mrefu, ni kidogo, la mtu wa kawaida, na linahudumiwa na nyuki na wadudu wengine. Hao nyuki wanalala wapi? Nikamwambia: mjomba, ukifyeka lile pori, unafukuza vibarua wako ambao hujawahi kuwalipa hata senti.

Hapo alinyamaza kidogo. Mjomba ni mkulima, anajua maana ya kibarua.

Sikumdanganya kuwa chozi atakufa tukifyeka. Chozi atapata maua mengine, hata ya bustani ya hospitali. Ni ua ndilo lenye shida, maana kitunguu chake kinavumilia moto wa kiangazi, kinakaa ardhini majani yakiungua juu yake na mvua ikija kinachipua tena, lakini jembe likikipasua kila mwaka hakina ujanja. Mbegu zake ni nyepesi, zimezungukwa na bawa jembamba kama karatasi, na upepo wa huku kwetu si wa kubembeleza. Zinakwenda. Lakini zikiangukia kila mahali kwenye shamba lililopaliliwa safi, zitaota wapi?

Mjomba hajasema ndiyo wala hapana. Amesema tungoje mnada wa korosho upite, tuone bei. Halafu akasema neno ambalo sikulitegemea: eti kabla hajaamua, nimwonyeshe huyo ndege akiwa kazini, maana miaka yote hii amempita tu. Mvua zikianza na maua yakichomoza nitamgongea mlango alfajiri, kabla jua halijawa kali, twende tukakae kimya kwenye nyasi.